Msiba Uliokosa Ng'ombe

Simu iliingia nikiwa gereji, nasimamia lori langu likitengenezwa: yule mfugaji wa Kisondela, jirani yangu wa zamani, presha imemchukua. Wasomaji wangu mnanijua, mimi si mtu wa kulegea. Niliishia darasa la tano, nikabeba mikungu ya ndizi kichwani hadi nikanunua malori, na gari la kwanza kubeba parachichi za kule kijijini lilikuwa langu. Lakini siku ile nilikaa juu ya tairi, lori nikamwachia fundi.

Marehemu alikuwa mtu wa ng'ombe. Msiba gani alikosa kupeleka mnyama? Kwetu Rungwe mtu hazikwi hivi hivi. Ng'ombe wa zizi lake ndiye anayesema kwamba mwenyewe aliishi. Sasa mwaka huu ng'ombe wake wakatupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Bwana mifugo akashuku ugonjwa unaoambukiza hadi watu, akachukua damu, ikapelekwa maabara ya mbali, mwenye ng'ombe akaambiwa asiuze maziwa, asichinje, asubiri majibu. Akasubiri. Mvua zikaja, zikaisha. Mara ya mwisho nilimkuta akimwaga ndoo nzima ya maziwa kwenye shina la mgomba. Nikamtania, "Ndugu yangu, migomba yako inakunywa kuliko wajukuu!" Akacheka kidogo tu. "Ningejua ni wagonjwa, ningelia nikamaliza. Ningejua ni wazima, ningeuza. Sasa hivi nifanye nini?" Nikaichukua ile ndoo, nikamsaidia kuisuuza.

Msibani wazee wakataka ng'ombe atolewe zizini achinjwe. Bwana mifugo, macho mekundu, akasimama mlangoni pa zizi. "Shikamooni wazee wangu. Majibu bado. Damu hiyo mtaishika kwa mikono yenu, mtaumwa na ninyi." Mdogo wake marehemu akafoka, "Kwa hiyo kaka azikwe kama mpita njia?" Hapo nikasimama mimi. Nikawaambia nina zizi Makandana, nina fahali mnono kuliko wote Tukuyu, lori liko barabarani, namleta sasa hivi. Wazee wakaanza kunishukuru, ndaga, ndaga. Ndipo mjane akainua uso kutoka mkekani.

"Asante, shemeji. Huyo wako kapimwa lini?"

Nikarudisha ufunguo wa lori mfukoni. Tukazika, tukala wali na maharage, wazee wameinamisha vichwa kama watu waliotukanwa.

Nasikia vipo vipimo vinavyotoa jibu ng'ombe akiwa bado ameshikwa kamba. Kwetu damu inasafiri na mfugaji anakufa akiingoja. Nani atatuletea, sijui. Nimepiga kelele kwenye safu hii mpaka sauti imekauka. Nilichojifunza ni hiki: zizi tulilokuwa tunaliogopa lilikuwa la mtu pekee kati yetu aliyekubali kupimiwa ng'ombe wake. Sisi wengine tunasema wetu ni wazima kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuuliza.