Mutwangio ya Kulinda Ordinateur

Hii nasimulia hapa, hata mama yangu hangeiamini, na yeye alikuwa ananiamini bure. Wewe mwenye kupenda habari za baridi, enda soma matangazo kwa ukuta ya ofisi ya zone.

Maman Eulalie ni mujane wa ndugu yangu Bisimwa, mwalimu. Bisimwa hakuacha mutoto. Aliacha ordinateur moja, kompyuta ya mezani, kwa nyumba yao ya Nyawera, na ndani yake kitabu alichoandika miaka saba juu ya watu wa Katana. Kwa karatasi hakuna hata mustari moja. Ile mashine ikiharibika, Bisimwa anakufa mara ya pili.

Basi shemeji akaichunga kuliko mutoto wa kuzaliwa mbele ya wakati. Ngurumo ya kwanza ikilia upande ya kisiwa ya Idjwi, anachomoa waya. Kila juma, siku ya samedi, anafungua kasha ya ile mashine, anapangusa vumbi na nyoya ya kuku, polepole, anashika pumzi. Nikamucheka: «Shemeji, umunywishe na bouillie kama mutoto!» Akanifukuza na ndara mukononi.

Mwaka ule wasoda walipora muji, mulango yake ilivunjwa na kitako ya bunduki, muchana kabisa. Jirani yake Donatien alisema tu, kwa heshima: «Citoyens, hapa ni kwa mujane.» Wakamutoa meno mbili. Kisha kofi ikapasua Maman Eulalie mudomo.

«Televizyo iko wapi?»

Damu inashuka kwa kidevu, akawaonyesha kioo ya ordinateur. Wajinga wakaamini! Kasha, yenye kitabu iko ndani, akaifunika na kitenge, akaikalia.

Caporal moja akashika kioo, mwenzake akavuta.

«Ni yangu!»

«Yako wapi, mbwa wewe!»

Kisu ya bunduki ikaingia kwa paja ya caporal mpaka mufupa. Mushindi akakimbia na kioo. Aliyechomwa akabaki anavuja damu na hasira, akapiga kasha teke.

«Simama, nitabeba na kiti yako!»

Maman Eulalie akasimama, mutwangio ya sombe, ule muti ya kutwangia majani ya muhogo, kwa mikono mbili. Goti ya caporal ikalia kama kuni kavu. Mukono yake ikatafuta bunduki, shemeji akaiponda ile mukono pia. Mwanaume muzima akatoka anatambaa, analilia mama yake kwa Lingala.

Kisha miezi mbili kupita, padri mumoja akamupatia kioo ya zamani. Shemeji akachomeka waya, akafunika macho. Kasha ikaanza kunguruma. Kitabu yote ilikuwamo, kurasa mia mbili na kumi na moja.

Lakini mumuulize, nani alimupa ule mutwangio? Mimi, Évariste! Nilisimama mbele ya wasoda kumi na wawili, kifua wazi, risasi tatu zikanipita kwa sikio, ya ine nikaidaka na...

— Shemeji, ngoja kwanza. Wewe unasema, mimi Eulalie napiga maneno yako kwa mashine, lakini hiyo siipigi. Walikuwa wawili, hakuna risasi ililia, na wewe ulikuwa chini ya kitanda, unalia mpaka nikaogopa watakusikia.