Mama Aliyechorwa na Kamati

Sisi watu wa Arusha bila kamati hatuwezi hata kukohoa. Kwa hiyo baba alipoanza kusahausahau, mpaka siku moja akaniuliza mimi, mwanawe wa kumzaa, kama nimekuja kutengeneza bomba, dada yangu mkubwa akafungua kundi la WhatsApp. Mwenyekiti yeye, bila shaka. Nani mwingine?

Azimio lilikuwa hili: marehemu mama achorwe picha kubwa, itundikwe sebuleni kwa baba, pale Themi, aione kila siku asije akamsahau na yeye. Hilo ndilo tuliloliogopa kweli. Mimi aniite fundi bomba, nitavumilia. Lakini mama!

Wazo zuri, mpaka kamati ilipolitia mkono. Picha zote tulizokuwa nazo, mama ni yuleyule: kitenge, sweta la bluu lililochanika kiwikoni, na mkungu wa ndizi, maana ndizi ndiyo kazi aliyotulelea, sokoni Kwa Mrombo. "Sasa wageni watatuonaje?" dada akauliza. Ala! Kumbe wanaosahau ni wageni.

Sweta likapingwa kwa kauli moja. Mama akapewa gauni la zambarau, kama la mama mzaa bibi harusi siku ya sendofu ya kumuaga binti, lulu shingoni na kilemba cha kugusa dari. Mchoraji tulimpata njia ya Kisongo, bwana mmoja anayewachorea watalii warembo wenye shingo ndefu. Mama yetu, aliyebeba ndizi kichwani mpaka shingo ikazama mabegani, akarudi na shingo ya twiga. "Kapendeza jamani!" kundi zima likaandika. Kapendeza, ndiyo. Hata mimi nilitamani kujua ni nani.

Jumapili baada ya ibada tukamtundika, tukamwita baba kutoka chumbani. Dada alikuwa ameshajikalia kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni, simu mkononi, tayari kurekodi machozi.

Baba akaitazama picha. Akavua kofia, akavuta koti likakaa sawa.

"Karibu mama, karibu sana," akaiambia, kwa ile sauti yake ya kanisani. Kisha akatugeukia, akanong'ona: "Mgeni mkubwa namna hii mnamsimamisha? Hamna haya? Mpeni kiti. Ila siyo hicho cha jikoni. Hicho ni cha mama yenu. Anarudi sasa hivi kutoka sokoni na lile sweta lake, atakuwa amechoka."

Nilikuwa nimemwekea dada maneno makali, nimeyanoa wiki nzima. Badala yake nikamvutia mgeni kiti kingine. Dada akazima simu, akainuka taratibu, akaketi chini kwenye zulia.

Kiti cha mama tukakiacha wazi. Baba akaipa picha mgongo, akakaa akiangalia mlango.