Tanzia Iliyopita Mlango wa Jirani

Jumanne, tarehe tisa ya Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, baada ya sala ya alfajiri, nilimpoteza mume wangu. Kabla ya magharibi ya siku hiyo nilikuwa nimempoteza na jirani yangu, na huyu nilimpoteza kwa makosa yangu mwenyewe.

Mimi nilifika darasa la saba tu, kwa hivyo nitayaandika mambo kama yalivyofuatana.

Mtaa wetu uko Ukunda, upande wa juu wa barabara kubwa. Tulipohamia, nyumba zilikuwa za udongo na makuti, zikihesabika, na mume wangu alikuwa akienda Diani kwa baiskeli kutunza bustani ya hoteli. Jirani alitutangulia. Mlango wake ulitazamana na wangu, na wakati huo tayari alikuwa mjane. Alinipita kwa miaka kumi hivi. Mume wangu alimwita dada tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyetupa moto wa kupikia siku tuliyofika, na kwa njia hiyo mimi nikawa wifi yake. Mume wangu ndiye aliyemchimbia choo, na bati lake lilipovuja yeye ndiye aliyepanda.

Jirani alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempa. Mtu akifariki mtaani, yeye ndiye aliyepeleka tanzia. Alivaa buibui lake akaenda mlango kwa mlango. Hakuisema habari kizingitini. Alipiga hodi, akaingia, akakaa, akaomba maji ya kunywa, kisha ndipo aliposema. Alikuwa akishikilia kwamba mtu aliyesimama haambiwi kifo. Watoto wakimwona na buibui asubuhi mapema walikuwa wakikimbilia ndani wakipiga kelele, "Mama, usimpe maji!" Naye alikuwa akiwajibu kutoka nje, "Mwambie mamako akininyima maji nitamsemea hapa hapa barabarani, asikie na mbuzi wake."

Akishafikisha habari, alirudi kwenye nyumba ya msiba na kuushika msiba wote. Nani ateke maji, nani apike, jamvi litandikwe wapi, nani anyamazishwe kwa sababu analia kwa kutaka kutazamwa. Wengi tulimshukuru. Wengine tulichoka naye. Nasema tulichoka kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Kisha zikaja nyumba za ghorofa. Wazee waliuza viwanja, mnazi ukakatwa, mabati ya bluu yakazungushwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili kuna roshani inayotazama ndani ya ua wako. Nilihamisha kamba ya kuanikia nguo mara mbili. Wapangaji ni watu wa hotelini na wa maofisini, wengi wametoka bara, wanaondoka kabla hujajua wanakotoka. Vijana wakaanzisha kikundi cha mtaa kwenye simu. Ukifungua unakuta bomba la chini halitoi maji, mbuzi mweupe mwenye kamba ya kijani amepotea, umeme utakatwa kesho, fulani amejifungua. Hata tanzia zikahamia huko. Jirani alikuwa na simu ya vibonye, ya kupiga na kupokea tu. Taratibu watu wakaacha kumtuma. Hakulalamika. Alikuwa akisikia tangazo la msikitini kama watu wengine, anavaa buibui, anakuja kukaa.

Siku ile ya Jumanne jirani alikuwa ametoka alfajiri kwenda kliniki yake ya presha Msambweni. Nilimsikia akifunga mlango wake. Mume wangu alikuwa akipumua kwa taabu na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Ningeweza kutoka nikamwita. Sikutoka, nilidhani atapata nafuu.

Baada ya saa moja hivi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yangu alikuja na mumewe, habari ikatiwa kwenye kikundi, na ikaamuliwa azikwe baada ya adhuhuri. Binti akaniuliza, "Mama, kuna nani hajaambiwa?"

Nikasema, "Wote wamo kwenye simu."

Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilisahau kwa uchungu. Si kweli. Nilimkumbuka. Nambari yake naijua kwa moyo. Nilinyamaza kwa sababu nilijua akiambiwa atapanda gari aje, na akifika atashika kila kitu, ataniambia nikae wapi na ninyamaze lini, na siku ile nilitaka maiti yangu iwe yangu. Nilifikiri nitamweleza jioni, atanielewa.

Alirudi saa kumi alasiri. Aliona turubai limefungwa kutoka ukuta wangu hadi ukuta wake, viti vimepangwa, masufuria mekoni. Chini ya ghorofa alisimama msichana mmoja mpangaji, mfanyakazi wa hoteli. Jirani akamuuliza, "Mwanangu, arusi ya nani hii?"

"Si harusi, shosho. Ni ule mzee wa hii nyumba. Washamzika."

Hayo nilihadithiwa na msichana mwenyewe baadaye, akilia. Hakujua kama alikosea. Hakukosea.

Jirani aliingia ndani na mfuko wake wa dawa mkononi. Alikaa karibu na mlango, mahali pa wageni, akasoma Fatiha. Alinitazama kwa kitambo. Wanawake walimsogezea chai, hakuigusa. Kisha akanyanyuka akaenda kwake. Siku ya tatu, tuliposoma hitima, mlango wake ulikuwa umefungwa.

Mimi nikaanza kukaa eda, miezi minne na siku kumi. Kwetu mjane hukaa ndani, hatii wanja wala manukato, hatoki kutembea. Waliosoma vitabu vya dini huacha nafasi katika jambo hili, lakini wanawake wa mtaa wetu hawaachi. Mjane akionekana barabarani, habari hufika bombani kabla yake.

Kwa hivyo nikaujua mtaa kwa dirisha. Binti yangu aliniletea habari kila jioni, na yule msichana mpangaji akazoea kusimama dirishani akitoka kazini. Nilimfundisha kusema shikamoo. Alisema kwao hawasemi, lakini ananisemea mimi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba njia ya kwenda chini inatiwa matofali, kwamba mama anayeuza mbaazi ameondolewa kwenye kona yake, na kwamba kiwanja cha nyuma ya msikiti kitakuwa duka kubwa. Usiku sikulifikiria lolote katika hayo. Nilifikiria mlango wa mbele yangu, ambao nilikuwa nauona kupitia pazia, ukifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni.

Siku ya Idi ya kuchinja nilimpelekea sahani ya pilau kwa mkono wa binti yangu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia ndimu mbili, utatia chumvi. Sahani yangu ilirudi kesho yake imeoshwa na kufutwa, inang'aa, haina kitu.

"Amesema nini?" nilimuuliza binti.

"Amesema, mwambie mamako sina neno."

"Alicheka?"

"Hakucheka, mama. Si umpigie simu tu, yaishe?"

Nikampigia. Alipokea kwa haraka, nikasema, "Wifi, ni mimi."

Akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Umekosea nambari, mamangu. Habari za mtaa siku hizi ziko kwenye kikundi." Akakata.

Nilimsikia mara mbili, sikioni kwa simu na kupitia dirishani, maana alikuwa amekaa barazani kwake.

Mwanzoni mwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, binti yangu alikuja na habari nyingine. Wanawe jirani walikuwa wamekubaliana na mnunuzi. Nyumba itavunjwa, naye atahamia Kikoneni kwa mwanawe mkubwa, anakolima. Ataondoka baada ya Maulidi. Nilihesabu kwa vidole. Eda yangu ilikuwa inaisha tarehe kumi na tisa.

"Labda atachelewa," binti akasema.

"Na asipochelewa?"

"Kikoneni si mbali, mama. Utamfuata."

Lakini nilijua sitamfuata. Najijua. Nitasema wiki ijayo, nitasema mvua, na yeye ana presha. Neno ambalo sikulisema nilipokuwa nimetenganishwa naye na hatua kumi na mbili, nitalisema vipi huko Kikoneni mbele ya wakwe zake?

Nikamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanamke anayewasomesha wasichana. Nilimuuliza kama mjane anaweza kutoka nje akiwa kwenye eda kwenda kutaka radhi. Alifikiri, akaniambia mchana kwa haja mjane ana ruhusa, na kwamba mtu ajue mwenyewe haja yake. Halafu akaongeza, "Lakini watakusema, mama." Hapo nikaona kwamba miezi yote ile nilikuwa nikijificha nyuma ya eda. Dini haikunizuia. Nilikuwa naogopa wanawake wa bombani, na zaidi nilikuwa namwogopa yeye.

Pamoja na hayo nilikaa. Maulidi yakaja, watoto wakapita na dufu na bendera, nikawasikia. Siku mbili zikapita, ya tatu.

Tarehe kumi na sita, asubuhi, jua limeshapanda, nilisikia gari likirudi kinyumenyume. Nikavuta pazia. Lilikuwa lori dogo. Mwanawe jirani na mpakizi walikuwa wakitoa kitanda cha kamba, kabati, mtungi, madebe. Jirani alikuwa amesimama na buibui lake akiwaelekeza. "Hicho kinu kisilale! Kisimamishe! Wewe umewahi kuona kinu kinalala?"

Binti yangu hakuwepo. Nilijifunika shuka langu jeupe la eda, nikafungua mlango.

Sikuwa nimekanyaga barabara hiyo kwa miezi minne. Ilikuwa nyeupe mno kwa jua. Bombani walikuwepo wanawake watano au sita na mitungi yao, wakanitazama. Mpakizi akaniona, akashusha alichokishika. Jirani akageuka.

"Wewe unatafuta nini nje?" akasema. "Zimekubakia siku tatu."

Alikuwa amezihesabu.

Nikasema, "Nimekuja kutaka radhi."

"Nilikwambia sina neno."

"Mimi ninalo. Siku ile sikusahau. Nilikukumbuka nikanyamaza. Sikutaka uje uushike msiba. Nilitaka niwe naye peke yangu."

Nilisema kwa sauti, bila kupanga, na wale wa bombani wakasikia. Mwanawe akatazama chini. Jirani alikuwa ameshika ncha ya kamba, akaendelea kuizungusha mkononi.

"Hilo nilijua," akasema mwisho. "Nilipoingia ndani na kukutazama uso, nilijua. Nilikuwa nangoja useme. Ukaniletea pilau."

"Ndugu yangu anazikwa," akasema, "mimi niko kwenye foleni ya presha, nachekeshana na watu. Nimenunua na ndizi za kumletea." Akaiweka kamba chini. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Kwenye saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa bado halijatoka vizuri."

"Alisema kitu?"

"Alitaka mto uinuliwe. Nikauinua. Kisha shahada, niliisoma mimi, yeye akatikisa midomo."

"Nani alimfunga kidevu?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ushungi wangu. Sikuona kitu kingine karibu."

"Macho yalifumba?"

"Moja. La kushoto lilichelewa, nililishika na kidole mpaka likakubali."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza kazi yake ikifanywa na mwingine. "Na vidole vya miguu ulivifunga?"

"Nilivisahau. Vilifungwa na waoshaji."

"Basi," akasema. Alikaa juu ya godoro lililofungwa kamba, ambalo lilikuwa bado chini, akajifunika uso kwa buibui, na akalia. Hakulia kimya. Mimi nilikaa kando yake chini mchangani. Mwanawe na mpakizi walisimama na kile kinu kati yao, hawajui wakiweke wapi.

Sijui ilichukua muda gani. Dereva akatoka akasema kwa adabu, "Mama, twende, jua litatuchoma njiani." Jirani akanyanyuka, akapangusa uso, akamwambia mpakizi kwamba godoro liwe juu kabisa lisishike mafuta. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumuuliza. Alifunga mlango wake, ingawa ndani hamkuwa na kitu na nyumba yenyewe ilikuwa inavunjwa Jumamosi, akampa mwanawe ufunguo.

Walimsaidia kupanda mbele. Alipokaa aliteremsha kioo, akanitazama.

"Rudi ndani," akasema. "Wanakutazama."

Lori likaondoka, likapita chini ya ghorofa, likakata kona kuelekea barabara kubwa. Nikarudi kwangu polepole. Ilibidi nipite karibu na bomba. Niliwatolea salamu wale wanawake. Mmoja akaitikia.