Isale kwa Baba, Mwaka Galaksi Ilipowaka

Kwetu Kilema, Krismasi haina udhuru. Uwe Dar, uwe Mwanza, utapanda mlimani, baba atachinja mbuzi na kila mtoto atapewa sehemu yake. Yangu mimi, kifungua mimba, ilikuwa kidari.

Mwaka ule nilikuwa mbali kusini, jangwani, kwenye darubini za miali ya gamma. Ni kazi ya ubishi, maana miali yenyewe haitufikii. Inagonga hewa huko juu, inapasuka kuwa mvua ya chembe, na vioo vyetu vinadaka mwanga hafifu wa samawati unaopita kabla hujapepesa jicho. Tulikuwa tukivizia galaksi moja yenye shimo jeusi katikati, lafi lisiloshiba, linalomeza na kutema chembe kwa nguvu ambayo hatukujua inatoka wapi. Wiki moja kabla ya Krismasi, galaksi ile ikawaka ghafla.

Nilimpigia baba kupitia simu ya parokia ya kwetu.

"Shikamoo baba. Sitaweza kuja. Kuna galaksi imewaka."

"Marahaba. Itazimika?"

"Pengine wiki ijayo."

"Na mimi je?"

Nikacheka. Baba alikuwa mtani. Hata siku alipong'oa mibuni yake kwa kukosa bei, aliing'oa huku akiitania. Sikujua kwamba alikuwa anaumwa, na kwamba amemkataza mama asiniambie.

Mawingu yakatanda. Tuliambulia nukta chache kwenye grafu, zisizothibitisha lolote. Mwanga ule ulisafiri mamilioni ya miaka, mimi nikashindwa kusafiri siku mbili. Najichukia kwa hilo.

Januari mama alinipigia mwenyewe, analia. Nilipofika nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, nikalifunga fundo. Kwetu, ukimpelekea mtu isale, hata kama umemuulia ndugu, akilipokea amekusamehe. Baba alikuwa kitandani, haongei tena. Nikamwekea jani kiganjani. Vidole havikufumba, likaanguka chini. Alfajiri akafariki.

Mimi ninayesoma dalili hafifu kutoka mbali ajabu, sijui mpaka leo kama alishindwa kulishika au alikataa.

Baada ya maziko mama alinionyesha kidari changu juu ya meko, kimekauka na kuwa cheusi kwa moshi. Baba alikuwa amekataza kisiguswe mpaka nije. Nilikitafuna peke yangu jikoni, na hakikumezeka.