Karatasi ya Mama Yenye Vitobo

Sikupaswa kuitoa nyumbani karatasi ile, na nilijua hivyo hata nilipokuwa naitia mkobani. Kwetu Lamu nakshi ya kofia haionyeshwi ovyo. Mama alichora yake mwenyewe kwenye karatasi, akaitoboa kwa sindano, akawa anaipaka unga wa makaa ili nakshi ihamie kwenye kitambaa. Aliyeiona kofia kichwani mwa baba alijua ni kazi ya mkono wa nani. Karatasi hurithiwa na binti anayejua kushona, basi. Wangu hakutaka hata kushika sindano, kwa hiyo miaka yote ilikaa chini ya nguo zangu.

Kisa ni lile darasa la kudarizi katika maktaba ya Richfield, huku Marekani tunakoishi. Jumamosi moja mwalimu alituonyesha picha za kitabu cha nakshi za lesi kilichochapwa Venisi, Italia, karne nyingi zilizopita. Kurasa zilijaa vitobo kama vya mama. Wanawake walizitumia mpaka zikachanika, lakini jina lililobaki juu ya kitabu ni la mwanamume aliyekichapa. Nilikasirika. Na nilitaka sifa pia, nisidanganye. Wiki iliyofuata nikaja na karatasi.

Mwalimu alishangilia, akaomba aitazame vizuri. Nikatoka mlangoni kumpokea binti yangu, aliyekuja kunichukua kwa gari. Tuliporudi, nakala zilikuwa zimeshatolewa kwenye mashine na kugawiwa meza zote. Mwanamke mmoja alikuwa ameanza kuipaka rangi nakshi ya mama yangu.

"Hapana!" nilisema. Kiingereza chote kilinipotea.

Binti yangu ndiye aliyezunguka meza kwa meza, akizikusanya moja moja, akisema "sorry" kila mara. Yule wa rangi aliishikilia yake kidogo kabla ya kuiachia.

Kwenye gari aliniwekea rundo zima mapajani, ile ya mama juu. Hakuwasha injini.

"Mama, hii paper si ilikuwa iwe yangu?"

"Ilikuwa."

"So mbona umewaonyesha wao first?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba hakutaka sindano, kwamba nilimngoja. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa akiipapasa kwa kidole, kitobo baada ya kitobo. Miaka kumi na tisa nimeishi naye nyumba moja, na yeye sikuwahi kumwonyesha.