Kichwa cha Kijiti

Kijiti cha mzabibu kina kichwa na kina miguu. Mtu akija uani kwangu kuomba mbegu, kabla sijampa hata kiti namshikisha kijiti mkononi na kumwambia: hapa juu, hapa chini. Wengine hucheka, wakaona bibi huyu ana makeke kwa jambo dogo. Nawaacha wacheke. Jambo hilo dogo lilininyima kitu ambacho sikukipata tena, na aliyeninyima ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Msambweni. Nusu ya wanaume wa mtaa huu walijifunza alifu na be mbele ya bakora yake. Kila alipofika kwenye aya za bustani za mitende na mizabibu, mitende aliieleza kwa raha zake, maana tende alizijua. Akifika kwenye zabibu, sauti ilimpungua. Zabibu alizozijua ni zile kavu za kwenye pilau ya arusi, zilizokunjamana, ambazo watoto huzichokoa kwa kidole wakaziweka kando ya sinia.

"Nimesomesha umri wangu wote kitu nisichokijua," aliniambia asubuhi moja nikimtilia maji ya udhu. "Natamani nionje moja ambayo haijakaushwa, nijue nilichokuwa nikikisema."

Ilikuwa miaka ile ya Uhuru, nami nilikuwa nimerudi kwake na kisanduku changu baada ya talaka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kifua kilimbana kila baridi ya masika ilipoingia. Sikuwa na mtoto wala mume. Nilikuwa na baba. Nikajiwekea nadhiri kwamba hataondoka duniani kabla hajala zabibu iliyotoka mkononi mwangu.

Nilianza kwa njia ya mkato. Nilikwenda Mombasa, nikapata kishada kwenye duka moja la matunda, nikavuka nacho Likoni nimekipakata kama kitoto kichanga. Basi liliharibika njiani, tukakaa juani mpaka alasiri. Nilipomfunulia baba sahani, aliinusa akairudisha. Zilikuwa zimechacha, na kwa baba kilichochacha kilikwisha shika njia ya kuwa pombe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kama ingekuwa yaota hapa kwetu."

Hapo ndipo nilipomkumbuka kaka. Alikuwa mtunza bustani kwa bibi mmoja wa Kizungu huko Diani, na nyuma ya nyumba ile kulikuwa na mzabibu ambao bibi mwenyewe aliuleta kwa meli ukiwa kijiti, akausifu kwamba pwani nzima hakuna wa pili. Zabibu zake zilikuwa ndefu kama pingili ya kidole cha mwisho, nyeusi, zimepakwa kitu kama vumbi la unga. Nilizitamani kwa macho mara moja tu, nilipompelekea kaka habari ya msiba wa jamaa yetu mmoja. Lakini bibi yule alikuwa akikamua divai, na baba aliapa hatatia mdomoni hata punje moja ya ua ule.

Na baba na kaka hawakuwa wakipatana. Kaka alitoroka chuoni kabla ya kuhitimu, mimi nikahitimu. Baba alikuwa na mazoea ya kusema mbele za watu, "Laiti huyu binti ndiye angekuwa mwanamume." Mimi nilikuwa nikicheka. Nilikuwa mtoto, napenda kusifiwa. Sikuwahi kugeuka kumtazama kaka usoni wakati baba akisema hivyo.

Nilimwambia kaka, vijiti vinavyokatwa bustanini na kuchomwa moto, niletee. Mti ukiota kwenye ardhi yetu, kwa maji ya kisima chetu, baba atakula. Alifikiri kidogo, akasema sawa. Vuli ilipoanza alikuja na vijiti vitano ndani ya gunia lililoloweshwa, amevikata vizuri kwa mkasi wa bustani. Upande mmoja ulikuwa umekatwa sawasawa, upande wa pili umekatwa mshazari.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa huku kwetu ukimpa kijiti kilichochongwa upande mmoja hatauliza chochote. Mihogo tumeipanda tangu hatujajua kufunga leso. Upande uliochongwa ndio unaoingia ardhini. Ndiyo sababu umechongwa. Nikaona kaka kanisaidia kazi, kanichongea kabisa. Nikavidunga kimoja kimoja kando ya ukuta wa uani, ncha kali chini, naye amechutama pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, anatafuna kijiti cha mswaki.

"Mkono wako mzuri, mdogo wangu," alisema. "Utaona."

Havikuota. Nilimwagilia asubuhi na jioni, nikavitilia kivuli cha makuti, hata nikavisemesha. Vilikauka kuanzia juu. Masika akaniletea vingine saba, nikapanda vile vile, akachutama vile vile. Vikakauka. Vuli iliyofuata akaniletea tena, na safari hii nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa kumshukuru kwa subira yake. Alikula, akanawa, akakaa kunitazama nikipanda. Vyote vikafa.

Baba alianza kusema nina mkono mkavu. Hakusema kwa ubaya; alisema kama mtu anavyosema fulani ni mrefu. Lakini neno la mwalimu halikai ndani ya nyumba. Jirani yangu mmoja, ambaye siku zote alikuwa akiniita nimpandie mirehani yake, aliacha kuniita. Siku moja nikamwona amepiga magoti anapanda mwenyewe, akaniona, akajifanya anatafuta pete.

Kisha siku moja kaka akaja na sahani iliyofunikwa kawa. Alikuwa amejenga kwake Galu, na hatukujua kwamba siku ile ile ya vijiti vyangu vya kwanza na yeye alipanda vyake. Akafunua kawa mbele ya baba na wanafunzi wake: vishada viwili vyeusi, bado vina baridi ya asubuhi.

"Baba, shikamoo. Hizi zimeota kwangu. Kwenye ardhi yangu mwenyewe."

Baba alizipapasa kwanza kama anayehesabu tasbihi. Akatia moja mdomoni, akatia ya pili. Machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Akamvuta kaka, akamwekea mkono kichwani mbele ya watoto wote wa chuo, akamwombea dua ndefu. Tangu kaka atoroke chuoni sikuwa nimemwona baba akimgusa.

Na mimi nililia kwa furaha. Nalisema hili kwa sababu linaniuma kuliko yote: nilifurahi. Nilimshika kaka mkono nikamshukuru.

Mwezi haukwisha, wifi yangu akajifungua, nikaenda Galu kumtazama. Nilikuwa jikoni nampikia mzazi uji wa pilipili manga, na kupitia mwanya wa makuti nikamwona kaka chini ya kichanja cha boriti za mikoko alichoutambazia mzabibu wake, anamkatia jirani vijiti.

"Angalia hapa," alimwambia yule mtu. "Huku nilikokata mshazari ndiko kichwa. Huku nilikokata sawa ndiko chini. Mkato wa mshazari hautuamishi maji, na ndio alama yako. Ukigeuza, umeua mti."

Nilisikia uji ukifurika motoni na sikuutoa. Mara tatu. Mara tatu alichutama hatua mbili kutoka kwangu, nami nageuza miti yake juu chini mmoja baada ya mwingine, naye anatafuna mswaki na kunisifu mkono. Samaki wa kupaka! Nilitoka nje na mwiko mkononi. Jirani alikuwa ameshaondoka.

"Kaka, mimi hukunionyesha kichwa."

Alinitazama. Hakubabaika wala hakujitia kutoelewa. Aliupangusa mkasi kwa shuka yake, akasema, "Hukuniuliza."

Neno hilo moja tu. Nilitaka kumpiga kwa ule mwiko, na mpaka leo najuta kidogo kwamba sikumpiga. Badala yake niliinama, nikachukua kijiti kimoja kwenye rundo lililokuwa miguuni pake, nikaondoka nacho. Hakunizuia.

Nyumbani nilivifukua vile vilivyokufa mara ya mwisho. Chini ya mchanga macho yake yalikuwa yamechipua, machipukizi meupe yamejikunja na kupinda, yanatafuta juu mpaka yakaishiwa nguvu. Mkono wangu haukuwa mkavu. Vijiti vilitaka kuishi. Nilivishika pale nikalia kwa hasira.

Je, nilimwambia baba? Sikumwambia. Nilimtazama anavyomngoja kaka kila Ijumaa, anavyouliza, "Hajaja bado?" na nikaona nikisema nitamwonjesha shubiri baada ya zabibu. Nikajiambia, wacha mti useme. Nilikipanda kijiti kile kimoja, kichwa juu, kikatoa jani siku ya kumi na mbili. Kikapanda ukuta. Nikakipogoa, nikakinyima maji kama nilivyosikia kaka akifanya, nikakirudishia, na mwaka wa pili kikatoa maua madogo yasiyo na sura, halafu vishada.

Lakini baba hakuwa na muda wa kungoja. Kifua kilimlaza masika ile. Zabibu zangu zilikuwa bado za kijani, ngumu, na nilipoona anakataa hata uji, nikachuma moja iliyokuwa imeanza kupiga wekundu kidogo, nikaingia nayo chumbani. Kaka alikuwa amekaa kitandani na kishada chake cheusi kwenye sahani.

"Baba, hii ni ya mzabibu wangu. Nimeupanda mimi."

Aliitafuna. Uso ukamkunjamana wote.

"Kali hii, mwanangu."

"Haijaiva, baba. Zabakia siku chache."

Alinipapasa mkono, akatabasamu. "Usijichoshe. Mwachie kaka yako mambo ya kupanda. Yeye ndiye aliyejaaliwa mkono."

Nilimtazama kaka. Nilimngoja. Neno moja lilitosha, hata nusu yake, na hakuna ambaye angemdhuru kwa kulisema. Akachagua zabibu kwenye sahani, akaimenya ganda kwa kucha, akamtia baba mdomoni.

Tulimzika Ijumaa iliyofuata. Zangu ziliiva ilipofika arobaini, nyeusi, ndefu, tamu kuliko zile za Galu, na hili silisemi kwa wivu. Nilizichuma zote. Baada ya hitima zikatolewa barazani kwa wanaume kwenye sinia mbili, nami nimesimama nyuma ya mlango nasikiliza. Wanafunzi wa baba walikula, wakasifu, wakasema hakika marehemu alipata alichokitamani kabla ya kufa. Kisha mkubwa wao akamgeukia kaka yangu, akamwambia, "Mwenyezi Mungu aubariki mkono uliozipanda."

Kaka akaitikia, "Amina."