Ikenga ya Okwudili

Okwudili, Mwigbo kutoka Nigeria, alikuwa seremala katika karakana moja ya Ghala, mtaa wa viwanda huko ughaibuni. Mwaka 1998 msumeno wa umeme ulimkata vidole vya mkono wa kulia. Alipotoka hospitali alichukua ikenga yake, kinyago chenye pembe alichokichonga mwenyewe kiwe nguvu ya mkono huo, akakipasua kwa shoka.

"Kaka, usifanye hivyo!" Elikana, seremala mwenzake Mtanzania, alimsihi.

"Kimenitupa. Kwetu, kisichofaa hupasuliwa."

Kisha akashika patasi kwa mkono wa kushoto ili ajichongee kingine. Kila alipoisukuma, iliteleza. Alirudia na kurudia mpaka akalia kwa sauti.

"Nielekeze, nikuchongee mimi," Elikana alisema.

"Utanichongea na vidole pia?"

Mwezi huo tajiri wa karakana alimkatia tiketi ya ndege, akarudi kwao bila kazi wala kinyago.